Nani Aliyewatupa Watoto wa Katende?

Katika sheria, kama katika ushairi, neno moja huweza kubeba mzigo wa ubeti mzima. Neno tulikusudialo hapa ni "kutupwa". Katika Kongo ya Wabelgiji, mtoto wa mama Mwafrika na baba Mzungu, chotara au suriama kama tusemavyo huku pwani, aliweza kuandikwa serikalini kuwa ametupwa, hali mama yake yu hai na amempakata. Likishaandikwa hilo, dola ilijitwalia ulezi wake.

Sababu haikuwa huruma. Utawala uliosimama juu ya ukuta baina ya weupe na weusi ulimwogopa mtoto aliyezaliwa juu ya ukuta wenyewe. Maofisa walimtafuta kijijini, wakamtoa kwa amri na vitisho, wakampeleka mbali na kwao. Huko Save, nchini Rwanda, palikuwa na nyumba ya namna hiyo. Baadhi ya watoto wake walisafirishwa hadi Ubelgiji uhuru ulipokaribia.

Katende, jimbo la Kasai, ilikuwa misheni ya masista wa Kikatoliki. Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi walifikishwa huko kabla ya kutimiza miaka 7. Wamesimulia njaa, upweke, na jinsi walivyoitwa watoto wa dhambi. Dhambi ya nani? Baba wa Kizungu hakuulizwa. Kisha ukaja uhuru wa 1960 na machafuko yake. Masista wakaondoka, mabinti wakaachwa nyuma, na wapiganaji wakawadhalilisha. Basi ikiwa kuna siku watoto hao walitupwa kweli, ni siku hiyo, na aliyewatupa ni yule aliyejidai mlezi.

Tarehe 4 Aprili 2019, Waziri Mkuu Charles Michel aliwaomba radhi machotara mbele ya Bunge la Ubelgiji. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini wanawake wale watano walipofungua kesi mwaka 2020, dola ile ile ilijitetea kwamba mambo hayo yalikuwa halali katika zama zake, na mwaka 2021 mahakama ya mwanzo mjini Brussels ikawanyima haki. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya radhi na dhima: mwenye kuomba radhi huchagua mwenyewe kipimo cha kosa lake.

Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo tarehe 2 Desemba 2024. Haikushughulishwa sana na yale yaliyoruhusiwa na amri za kikoloni. Ilitazama misingi ya Nuremberg, iliyothibitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1946, Ubelgiji ikiwa mwanachama. Ikaona kwamba palikuwa na mpango wa kuwasaka na kuwateka watoto kwa sababu ya asili yao tu, na kwamba huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, usiofutwa na kupita kwa miaka. Kila mmoja aliamuliwa kulipwa euro 50,000.

Fedha hizo huhesabika. Machotara wengi, hata hivyo, walibadilishwa majina, na wengine tarehe za kuzaliwa. Wapo walioingia uzeeni wakipekua majalada ya Brussels kutafuta jina la mama.