Namna ya Kusoma Alama Katika Majina ya Mafaili ya Video

Mwananchi anayepakua video kutoka intaneti, au anayetumiwa na ndugu zake kwa simu, mara nyingi hukutana na jina refu la faili mfano wa hili: Hotuba.ya.Bajeti.1080p.x265.AAC.mkv. Anayezielewa alama hizo huweza kujua mapema iwapo kifurushi chake kitatosha na iwapo simu yake itaicheza video husika.

Tarakimu 1080 ni idadi ya mistari ya nukta za picha kutoka juu hadi chini, na kwa kawaida kila mstari huwa na nukta 1,920. Herufi p humaanisha kuwa mistari yote huoneshwa kwa pamoja. Penye herufi i huoneshwa kwa zamu, utaratibu uliorithiwa kutoka televisheni za zamani. Video ya 720p ina nukta chini ya nusu ya zile za 1080p, lakini katika kioo kidogo cha simu tofauti hiyo ni vigumu kuiona. Ile ya 2160p, maarufu kwa jina la 4K, inafaa zaidi kwa televisheni kubwa.

Alama inayohitaji uangalifu zaidi ni x265, kwa kuwa inahusu namna video ilivyobanwa ili ipungue ukubwa. Kanuni ya ubanaji ya H.264 iliidhinishwa na Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, mwaka 2003, ikafuatiwa na H.265, iitwayo pia HEVC, mwaka 2013. Majina x264 na x265 ni ya programu zinazobana video kwa kufuata kanuni hizo. Kanuni mpya huweza kutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya ukubwa: video ya saa moja iliyobanwa kwa H.264 kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hufikia gigabaiti 1.8, wakati ya H.265 huweza kuwa karibu megabaiti 900. Hata hivyo, baadhi ya simu na kompyuta za zamani haziwezi kuisoma H.265. Sauti husikika huku kioo kikiwa cheusi, au picha hukwamakwama, na bando limekwisha kutumika. Mwenye kifaa cha namna hiyo achague faili lenye alama ya H.264 au x264.

AAC ni aina ya ubanaji wa sauti. Alama mkv, kama ilivyo mp4, hutaja chombo kinachobeba picha na sauti kwa pamoja, haielezi ubora.

Herufi zinazofuata nukta ya mwisho ndizo za kuangaliwa kabla ya kufungua faili lolote. Jina likisomeka Hotuba.ya.Bajeti.1080p.mp4.exe, hiyo si video bali ni programu ya kompyuta. Mfumo wa Windows, usipobadilishwa mpangilio wake, huzificha herufi hizo za mwisho, hivyo mtumiaji huona mp4 pekee. Kwa upande wa simu za Android, faili linaloishia na apk ni programu vilevile. Video haihitaji kusakinishwa; faili linalojiita video kisha likaomba ruhusa ya kusakinishwa lifutwe mara moja, hata kama limetumwa na mtu unayemfahamu, kwani huenda simu yake imekwisha kuingiliwa.