Kiesperanto

Kiesperanto ni lugha ya kubuniwa iliyotungwa na L. L. Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa Białystok, mji ambao leo uko Poland. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887 kwa jina la bandia, Doktoro Esperanto, yaani “Daktari Anayetumaini”. Jina hilo ndilo lililobaki kuwa la lugha.

Si lugha ya taifa lolote. Karibu kila anayeizungumza amejifunza kwa kupenda, na wachache tu wameipata kwa wazazi wao. Sarufi yake iliwekwa katika kanuni 16. Nomino huishia kwa -o, vivumishi kwa -a, na wingi huongezewa -j. Uzuri wake hasa umo katika viambishi, na hapo mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea pika, pikia, pikisha na mpishi, hajihisi mgeni. Kutokana na lerni (kujifunza) hupatikana lernejo (shule) na lernanto (mwanafunzi). Bona (-zuri) ikitanguliwa na mal- huwa malbona (-baya). Msamiati, hata hivyo, umechotwa zaidi katika lugha za Ulaya, na hilo ni pungufu la kweli kwa Mwafrika au Mwasia.

Wapenzi wa lugha hii huandikiana, hutafsiri vitabu na, kupitia orodha ya Pasporta Servo, hukaribishana kulala majumbani bila malipo. Kongamano lao la kwanza la dunia lilifanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905. La 109 lilifanyika Arusha mwaka 2024, na lilikuwa la kwanza katika ardhi ya Afrika.