Neva ya Kidevu, Si ya Akili

"Neva ya akili." Ndivyo mfasiri mmoja alivyoliita tawi dogo la neva linalochomoza kwenye tundu la taya la chini na kubeba hisia za mdomo wa chini na kidevu. Wajumbe wa kikao cha istilahi wakapitisha, chai ikanywewa. Kwa jina hilo, mtu ambaye kidevu chake kimekufa ganzi kwa sababu ya lukemia atapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili.

Kosa lenyewe ni la kitoto. Kilatini kina mens, yaani akili, na mentum, yaani kidevu. Yanafanana sura tu. Mentum ndilo lililozaa menton ya Wafaransa, na hakuna Mfaransa anayenyoa akili yake asubuhi. Kiswahili nacho hakikupungukiwa: kidevu na ndevu vina shina moja, -devu, na ganzi anaijua yeyote aliyewahi kukalia mguu wake mkekani. Basi iwe ganzi ya kidevu. Wapo wanaong'ang'ania kutanguliza "sindromu", neno ambalo kwa asili ya Kigiriki ni mambo yanayokimbia pamoja. Hapa anakimbia mmoja.

Ugomvi wa majina katika lukemia yenyewe ni wa zamani. Rudolf Virchow wa Berlin na John Hughes Bennett wa Edinburgh waliueleza ugonjwa huu mwaka uleule, 1845. Virchow akauita Leukämie, "damu nyeupe", mwaka 1847; Bennett akaleta leucocythaemia, akisisitiza kwamba kilichozidi ni chembe nyeupe. Alikuwa na hoja, ila jina lake lilichosha ulimi.

Kinachotokea hadi kidevu kife ganzi ni hiki: seli za saratani hupenya neva, huibana ndani ya mfupa wa taya, au hujikusanya kwenye utando wa ubongo. Limfoma aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958, kutokana na watoto waliovimba mataya aliowaona Kampala, nayo huweza kufanya hivyo, na wakati mwingine hujitokeza kama lukemia kali. Ganzi huweza kutangulia kabla ugonjwa haujajulikana, au kuashiria kwamba umerudi. Mara nyingi, hata hivyo, wa kulaumiwa ni jino.

Matumizi, kwa ufupi: "Mgonjwa ana ganzi ya kidevu upande wa kushoto, hana jino bovu wala hakung'olewa, apimwe damu na apigwe picha ya taya."