Pumzi ya Mlalaji katika Mji wa Shaba

Mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, uliasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mji ulioasisiwa kwa ajili ya shaba hauna budi kuwa mji wa saa. Reli kutoka kusini iliwasili Septemba ya mwaka huo. Tanuri la kampuni ya Union Minière likamimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Na tangu hapo wanaume waliozoea kuamka kwa jogoo wakalazimika kuamka kwa amri ya kampuni, na kufanya kazi kwa zamu, wengine mchana na wengine usiku, kwa maana tanuri likisha kuwashwa halitambui machweo. Katika mji wa namna hiyo, mtu aliyesinzia kazini hakuwa na udhuru wa kusikilizwa. Jina lake lilikuwa mvivu, na malipo yake yalikuwa kukatwa ujira, au, katika miaka ile ya awali, kiboko.

Maradhi ya usingizi yaliyotambuliwa na serikali wakati huo yalikuwa mamoja tu, nayo ni malale, yaenezwayo na mbung'o. Kuanzia Oktoba 1910 hadi Septemba 1912, tume ya wataalamu chini ya tabibu Jérôme Rodhain ilizunguka Katanga, eneo lenye mji huo, ikichunguza maradhi hayo, na dasturi ya uchunguzi wa zama zile ilikuwa kumsimamisha mtu, kumpapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, kisha kuzitoboa kwa sindano na kutazama maji yake katika hadubini. Nikilitafakari jambo hili hustaajabu kidogo: mkono wa tabibu ulifika shingoni mwa mfanyakazi wa Katanga mapema kiasi hicho, ukapita juu ya koo lake bila kulishughulikia. Leo shingo ileile hupimwa kwa utepe, na mwanamume ambaye mzingo wa shingo yake umepita takriban sentimita 43 huulizwa kama anakoroma.

Maana kuna maradhi mengine ya usingizi, yasiyohitaji mbung'o. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi hulegea kwa kiasi, lakini kwa baadhi ulimi na nyama laini za koromeo huangukia nyuma na kuziba njia ya pumzi kabisa. Anayekaa kando ya kitanda husikia mkoromo ukipanda, kisha kimya cha ghafula, huku kifua na tumbo vikihangaika kuvuta hewa isiyoingia. Kimya hicho huweza kudumu sekunde 10, au 30, au zaidi, mpaka ubongo ushtuke, mlalaji agutuke kwa kishindo kama aliyeibuka majini, avute pumzi, na kurudia usingizi pasipo kujua kilichopita. Kwa mtu mzima, kukatika huko kukifika mara 5 kwa saa ni dalili ya kutazamwa, na kukifika mara 30 ni maradhi makali. Asubuhi huamka kichwa kikimuuma na kinywa kikavu, akaenda kazini akiwa amelala saa 8 ambazo hazikumfaa kitu.

Mlalaji hana habari za jambo hilo ila aambiwe, kwa hiyo maradhi haya yana haja ya shahidi. Katika kambi za mwanzo za wafanyakazi, wanaume waliolala kwa wingi katika chumba kimoja walisikiana, lakini mkoromo wa jirani ulikuwa kero, si habari ya kumpelekea tabibu. Mambo yalibadilika kampuni ilipoona hasara ya kuajiri watu wapya kila mara, kwa mikataba ya miezi michache, huku wengi wakifa kwa kichomi na kuhara damu. Kufikia mwaka 1928 ilikwisha shika siasa ya mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu wafanyakazi kuoa na kukaa na wake zao kambini. Msimamizi wa siasa hiyo, Léopold Mottoulle, alikuwa yeye mwenyewe tabibu. Kampuni ikagawa posho, ikajenga hospitali na shule, ikapima watoto uzito, ikawahesabu wajawazito. Mtu aliweza kuzaliwa, kuajiriwa na kustaafu chini ya jicho lake, na mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameiandika historia ya familia hizo katika kitabu kiitwacho Bana Shaba abandonnés par leur père, kilichotoka mwaka 2001.

Walakini jicho hilo lilikuwa la mchana. Mke alipata nyumba, na kwa nyumba hiyo akawa shahidi wa usiku wa mumewe, lakini hakuwapo wa kumwuliza alichokisikia. Hapa Makomeno, mtaa wa mji uleule, sijaona kwamba mambo yalikuwa tofauti sana. Mkoromo wa baba mwenye kitambi ulihesabiwa kuwa alama ya neema. Aliyegutuka akihema alidhaniwa kukabwa na jinamizi au na mchawi, akaombewa.

Tusiwalaumu kupita insafu, kwa sababu ulimwengu wa kitabibu nao ulichelewa. Mwaka 1868 Wilhelm Meyer wa Copenhagen alieleza nyama zinazoota nyuma ya pua za watoto, na mwaka 1889 Mwingereza William Hill aliandika kwamba baadhi ya watoto waonekanao wazito wa akili shuleni ni watoto wasiopumua vema usiku. Mwaka 1956, mwaka ambao chuo kikuu kilifunguliwa Elisabethville, matabibu wa Marekani waliazima jina kutoka riwaya ya Charles Dickens, yenye kijana mnene asinziaye kila mahali, wakawaita wagonjwa wa namna hiyo kwa jina hilo; wakahusisha usingizi wao na unene. Ni mwaka 1965 ndipo Henri Gastaut na wenzake huko Marseille, na wengine Ujerumani, walipokesha kando ya walalaji na mitambo yao, wakabaini pumzi inavyokatika. Christian Guilleminault aliueleza ugonjwa huo kwa watu wazima na kwa watoto mwaka 1976, na Colin Sullivan wa Sydney alitangaza mwaka 1981 mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisizibe. Mwaka huohuo upasuaji wa kupunguza kimeo na nyama za koo ulianza kupata sifa Marekani. Wazee wa Afrika Mashariki waliokata vimeo vya watoto kwa ajili ya kikohozi wangeshangaa kusikia. Ila nao wangeonywa kwamba kisu cha kienyeji kimeua watoto wengi kwa kuvuja damu.

Umri nao hubadili sura ya maradhi haya. Mtoto wa miaka minne mwenye mafindofindo makubwa hulala kinywa wazi, shingo ameirudisha nyuma, mto umelowa jasho. Na mchana, badala ya kusinzia, huwa mtundu asiyetulia, hata akachapwa kwa kosa lisilo lake. Kwake, pumzi kukatika mara moja tu kwa saa si jambo la kawaida, na aghalabu kuondolewa kwa mafindofindo humponya. Mwenye seli mundu, ugonjwa usio nadra katika nchi hii, yuko hatarini zaidi, kwa kuwa damu yake haistahimili upungufu wa hewa. Mwanamume wa makamo hupandwa na shinikizo la damu lisilosikia dawa. Mwanamke, aliyelindwa kwa sehemu mpaka hedhi ilipokoma, humkaribia mwanamume baada ya hapo, naye hulalamikia uchovu na kukosa usingizi kuliko mkoromo, kwa hiyo hupewa dawa za huzuni. Mzee akisinzia kutwa kibarazani huambiwa ni uzee, na mara nyingi si uzee.

Kwa bahati mbaya, elimu hii ilikomaa wakati kampuni ilipokuwa ikianguka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na uzalishaji ukafuata. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa katika umri uleule ambao koo huanza kulegea na moyo kuchoka, wakapoteza ajira na hospitali kwa pamoja.

Mashine ya Sullivan nayo inataka umeme usiku kucha. Katanga ina umeme wa zamani: kituo cha Mwadingusha ni cha mwaka 1930, na katika miaka ya 1980 waya wa takriban kilomita 1,700 uliletwa kutoka bwawa la Inga hadi mji wa Kolwezi, ukapita juu ya vijiji visivyopewa hata taa moja, kwa sababu uliletwa kwa ajili ya migodi. Mjini umeme hukatika, na ukikatika usiku mashine hunyamaza. Kwa hiyo mwenye mashine nyumbani huweka betri ya volti 12, kama ile ya gari, na kifaa cha kubadili mkondo. Akizima sehemu ya kupasha maji joto, ambayo ndiyo ilayo umeme mwingi, betri kubwa iliyojaa humfikisha asubuhi. Asiyeweza kuinunua hushauriwa kulala ubavu, kuacha pombe jioni, na kupunguza uzito. Na mkewe huombwa aje naye kwa tabibu, aulizwe yeye kwanza.