Gome la Mwaloni na Magofu ya Roma

Mwaloni unaotoa vizibo vya chupa hauchunwi gome kabla ya kufikisha umri wa miaka 25 hivi. Gome hilo la kwanza huwa na nyufa, vinundu na matundu, na wenye viwanda vya mvinyo hawana haja nalo. Mti huachwa upone kwa miaka 9 au zaidi ndipo uchunwe tena, na gome zuri la kuzibia chupa hupatikana kwenye uvunaji wa tatu. Lile la kwanza, lililokataliwa, ndilo walilolipenda mafundi wa Napoli, Italia ya kusini. Kwao lilikuwa mwamba uliokwisha kuchongwa na maumbile.

Walilihitaji kwa ajili ya Pango la Noeli, yaani onyesho la kuzaliwa kwa Yesu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoadhimisha Noeli kule Greccio mwaka 1223, alitumia hori, nyasi kavu, na ng'ombe na punda walio hai. Kufikia karne ya 18 mjini Napoli, hasa enzi za mfalme Carlo wa ukoo wa Bourbon (1734–1759), desturi hiyo ilikuwa imegeuka mashindano ya matajiri. Sanamu zilikuwa na vichwa vya udongo wa kuchoma, macho ya kioo, viwiliwili vya waya uliozungushiwa nyuzi za mimea, na nguo za hariri. Zilijaa sanamu za wauza samaki, wapiga zumari na walevi wa vilabuni, hata Mtoto Yesu mwenyewe alitafutwa kwa macho. Umati huo wote ulisimama juu ya mlima, na mlima ulikuwa ni fremu ya mbao iliyogandishwa vipande vya gome. Ukoga wa kijani uliookotwa msituni ulifunika maungio. Mfano maarufu kuliko yote, ule ambao Michele Cuciniello aliutoa kwa jumba la makumbusho la San Martino mwaka 1879, unasimama juu ya mwamba wa namna hiyo hiyo.

Kwa nini gome, si mbao? Napoli umejengwa kwa jiwe laini la volkano, la manjano, lililojaa vitundu, na gome hufanana nalo kwa karibu. Lakini sababu ya ndani zaidi ni kwamba ufa wa gome hauna ukubwa wake maalumu. Ufa wa upana wa kidole, ukiwekewa mchungaji wa urefu wa kiganja, unakuwa genge. Mchongaji anayejaribu kuchonga nyufa kwa mkono huishia kuzipanga, mti haupangi. Nadhani hapo ndipo penye siri yote ya ufundi huu, na wanaotengeneza mandhari za treni ndogo leo kwa kuvu za miambani na mizizi mikavu wanaitegemea siri hiyo hiyo.

Karibu na Napoli, uchimbaji wa Herculaneum, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius, ulianza mwaka 1738, na wa Pompeii, mji mwingine wa namna hiyo, mwaka 1748. Mahekalu yaliyobomoka yakawa gumzo la Ulaya, na mafundi wa Napoli wakaanza kumwonyesha Yesu akizaliwa ndani ya hekalu la Kirumi lililoanguka. Kutoka hapo, kuondoa sanamu na kubakisha gofu peke yake ilikuwa hatua fupi.

Aliyeipiga kwa ustadi mkubwa ni Antonio Chichi (1743–1816) wa Roma. Alitengeneza kwa gome mifano 36 ya majengo ya kale, Colosseum na Pantheon yakiwemo, kwa vipimo vya kweli, akiwauzia watawala wa Ulaya. Kassel, Ujerumani, bado ina mkusanyiko wake. Gome lilikuwa jepesi kusafirishwa, tofauti na marumaru. Kule Aschaffenburg, Carl May, fundi wa vitamutamu wa askofu mkuu wa Mainz, aliyezoea kupamba meza za karamu, aliiga kazi ya Chichi na kuanzisha karakana ya familia. London, Richard Du Bourg alionyesha mifano yake pamoja na mfano wa Vesuvius unaolipuka, hadi mwaka 1785 mlipuko huo ulipochoma onyesho lenyewe.

Gome lina upungufu wake. Halikubali nakshi nyembamba, humomonyoka. Msanifu John Soane alilielewa hilo: katika nyumba yake London, mifano ya gome ilionyesha majengo kama yalivyosalia, na ile ya plasta nyeupe ya François Fouquet, aliyoinunua mwaka 1834, iliyaonyesha yakiwa mapya. Plasta haijui kuzeeka, gome halijui kuwa jipya. Naamini gome liliwazoesha watu wa Ulaya kuliona gofu kuwa kitu kamili, kisichongoja kukarabatiwa.

Kazi hiyo ilirudi Napoli. Kuanzia mwaka 1861, chini ya mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli, mafundi walitengeneza Pompeii yote iliyokuwa imechimbuliwa, kwa mbao, gome na karatasi, kwa kipimo cha 1 kwa 100. Picha za ukutani na sakafu za vijiwe zilichorwa moja moja. Baadaye jua, mvua na mabomu ya mwaka 1943 viliharibu sehemu ya kuta halisi, na watafiti wanaotaka kujua chumba fulani kilipakwa rangi gani huenda kwenye jumba la makumbusho la Napoli kuuangalia mfano huo.