Maporomoko au Mmeguko?

Tarehe 23 Februari 1999 theluji ilikishukia kijiji cha Galtür, katika bonde la Paznaun nchini Austria, ikaua watu 31. Baadhi ya nyumba zilizobomolewa zilikuwa kwenye eneo ambalo ramani ya hatari ililihesabu kuwa salama. Tukio la namna hiyo Kiswahili hulipa jina la maporomoko ya theluji, na jina hilo limekwisha kukubalika. Silikatai. Kasoro yake ni kwamba linataja mwendo peke yake, ilhali balaa yenyewe huanza kwa kuvunjika. Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yalipoufikia mji wa Katesh, maporomoko lilikuwa neno lililotosha: mvua ilinyesha, udongo ukalowa, mlima ukaachia. Theluji ya dhoruba ina tabia nyingine.

Kabla ya siku ile ya Galtür dhoruba zilifuatana kwa majuma kadhaa, nao upepo ukawa unahamisha theluji. Mabaharia wetu wa pwani huita upande unakotoka upepo joshini, na ule wa pili demani. Sioni kwa nini maneno hayo yasipande mlimani. Upepo huizoa theluji joshini na kuibwaga demani, na chembe zake, baada ya kugongana na kuvunjika njiani, hutua zimeshikamana na kuwa bamba. Chini ya bamba huweza kulala tabaka dhaifu lenye chembe zisizoshikana vizuri. Uzito ukizidi, tabaka hilo hukatika, ufa hutambaa mlimani kwa kufumba na kufumbua, na bamba zima hutoka kwa mkupuo mmoja, likiacha juu ukingo uliochongoka wima. Aghalabu hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Penye mwinuko mkali kuliko huo theluji humwagika kidogo kidogo, isipate kurundikana.

Hiyo ndiyo aina ninayotaka iitwe mmeguko wa bamba, maporomoko yakibaki jina la jumla. Atakayesema kwamba hatuna haja na istilahi hiyo, kwa kuwa hata theluji tuliikopa kwa Waarabu, awakumbuke Waswahili wanaoishi Norwei, Uswisi na Kanada. Kulikopa neno la kigeni ni rahisi, lakini msomaji asingepata chochote ndani yake. Pingamizi zito ni kwamba anayekimbia hana muda wa istilahi. Kweli, ila istilahi humfaa kabla hajatoka nyumbani. Katika ajali nyingi zinazoua watelezaji wa theluji, bamba humegwa na uzito wa mhanga mwenyewe au wa mwenzake. Taarifa za hatari za Ulaya zina ngazi 5, na vifo vingi hutokea siku za ngazi ya 3, ambayo wengi huidhania ya wastani: siku hizo bamba kwa kawaida halishuki lenyewe, bali humeguka mtu anapolikanyaga.