Ujiji Haikuanza na Stanley

Ndugu msomaji, wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Insha nayo huonekana kwenye utangulizi, na asubuhi ya insha yangu ilikuwa giza totoro.

Nilikuwa kidato cha tatu, naishi Katubuka. Tuliambiwa tuandike insha juu ya historia ya mji wetu. Nikajiona mjuzi, nikaanza hivi: "Historia ni taaluma inayohusu matukio yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Ujiji ni mji uliojulikana mwaka 1871 baada ya Stanley kumkuta Livingstone." Insha ikarudi na wino mwekundu: 9 kwa 20. Pembeni mwa aya ya kwanza mwalimu kaandika neno moja tu: "Kwa hiyo?"

Jumamosi nikaenda zangu Ujiji kwa bibi. Nilimkuta barazani anachambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umenuna?"

"Nimechemsha, bibi."

"Haya, nisomee hicho ulichochemsha."

Nikasoma. Wala hakucheka. Aliuliza tu: "Huyo mzungu wako alipofika hapa, samaki alinunua kwa nani?"

Wee! Swali lile lilinikwama kooni kama mwiba wa mgebuka. Maana kama alinunua samaki, basi palikuwa na soko. Na kama palikuwa na soko, palikuwa na watu, na bei, na cha kulipia. Nikarudi vitabuni.

Kumbe Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, miaka 13 kabla ya Stanley, wakawakuta Waarabu na Waswahili wameshatangulia kufanya biashara na wenyeji. Sokoni palikuwa na samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu na, inasikitisha kusema, binadamu pia. Watu walilipana kwa shanga zilizoitwa sofi. Livingstone mwenyewe alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, akakuta mali aliyoletewa imeshauzwa. Aliyemkimbilia kumpasha habari kwamba mzungu anakuja ni Susi, yule yule ambaye pamoja na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka pwani alipofariki mwaka 1873. Hata ile salamu inayokaririwa dunia nzima ina utata: Stanley aliichapisha, lakini kurasa zinazohusu mkutano ule katika shajara yake zilichanwa.

Hapo ndipo nikaliona kosa langu. Sentensi yangu ya kwanza ungeweza kuibandika kwenye insha yoyote ya historia, iwe ya Misri au ya Zanzibar, na isingepungua kitu. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: iliwafungia mlango bibi yangu na wazee wake wote, ati mji wao haukuwepo mpaka mgeni aufikie.

Nikaandika upya: "Mwaka 1871 Stanley aliingia Ujiji, mji uliokuwa na soko lake, shanga zake za kununulia na wafanyabiashara wake. Ni nani walioukuza mji huo kabla wageni hawajauandika? Insha hii itaonyesha kwamba biashara ya ziwani, na siyo ujio wa wazungu, ndiyo iliyoikuza Ujiji, na kwamba wapo waliolipa kwa uhuru wao."

Hebu tazama. Kwanza msomaji anajua yuko wapi na mwaka gani. Pili anapewa swali ambalo jibu lake halijulikani kabla hajasoma. Tatu anaambiwa mwandishi anasimamia nini. Basi, hayo matatu yanatosha. Maana ya neno "historia" msomaji anayo kwao. Nawe ukimaliza insha yako, rudi juu ujiulize: nilichoahidi nimekitoa? Kama hukukitoa, badili ahadi au badili insha.

Alama zangu hazikubadilika. 9 ilibaki 9. Lakini Jumamosi iliyofuata nilirudi Ujiji na karatasi mpya. Nilipofika kwenye lile swali, bibi aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Haya," akasema, "endelea."

Ndugu mwandishi mwenzangu, neno hilo ndilo tunalolitafuta katika aya ya kwanza.